Miwani ya Mbao

Nianze na upumbavu wenyewe: niling'oa vioo kwenye miwani ya baba, nikavipachika kwenye fremu niliyochonga kwa ubao wa sanduku la nyanya.

Sababu ilikuwa mwalimu wetu wa nidhamu. Alitutangazia mstarini kwamba kidato chetu kinapita kwenye takataka kimevaa miwani ya mbao, yaani tunaona lakini tunajifanya hatuoni. Mimi nikauchukua kama mwaliko. Yeye mwenyewe huvaa ile isiyo na fremu chini, kioo kimeshikwa na uzi wa nailoni, utadhani panya ameila nusu. Nilipoingia darasani na ya kwangu, washkaji walianguka kwenye madawati. Mwalimu aliniangalia mpaka kicheko kikaisha chenyewe. "Vua, kaa," akasema. Kiki yangu yote ikaishia hapo.

Ya baba ni ya waya wa rangi ya dhahabu, miduara miwili myembamba. Nilikuwa namwambia anafanana na karani wa shamba la mkonge enzi za babu. Naye hujibu, "Nikivaa hiyo plastiki nyeusi ya mjomba wako nitaonekana nimefungwa tairi usoni." Akienda shamba huiacha nyumbani, hataki jasho liule ule waya, na ndiyo maana niliweza kuiazima bila kuomba. Niliporudi kutoka shule nikavirudisha vioo, nikakaza skrubu kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikafuta na shati. Ingekuwa miwani ya pembe nne, kioo kingekataa kuingia upande usio wake. Duara halikatai.

Asubuhi baba akaivaa, akanyanyua mguu juu kuvuka kitu ambacho hakikuwepo. Nilicheka sana. Mchana akasema sakafu imeinama na kichwa kinamgonga. Nikacheka kidogo. Kisha nikamsikia jikoni akimwambia mama taratibu, "Yameanza, mama watoto. Kama ya mzee."

Mzee ni babu yangu, alikufa kipofu. Baba, akiwa mdogo kuliko nilivyo sasa, ndiye aliyekuwa akimwongoza kwa fimbo.

Hapo nikaelewa. Kioo cha kushoto, kile kinene, nilikuwa nimekitia kulia. Ningeweza kusema palepale, lakini mama alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga, na niliogopa kumwambia kwamba analia kwa sababu ya mzaha wangu. Nikapanga kuvibadilisha kimyakimya baba akiivua. Baba akaacha kuivua; shambani akawa anakwenda nayo, na usiku anailaza chini ya mto. Alikuwa anatazama kila kitu kama mtu anayeaga: banda la kuku, mpapai, mama akichambua mchicha.

Jumamosi akatoa pikipiki. "Panda. Twende Korogwe, pale Manundu kwa mpima macho."

"Baba, si tupande basi?"

"Basi la nini, wakati bado naona?"

Kutoka Handeni barabara ni lami nzuri, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana alikwenda kasi. Nilishika mkanda wake kwa mikono miwili. Kila gari lililokuja mbele yetu, mwili wake uliegemea kidogo upande, pikipiki nayo ikafuata. Nikajifanya kondakta.

"Baba, lori."

"Nimeliona."

"Baba, mbuzi kushoto. Baba, mama na ndoo."

"Leo umekuwa kasuku?"

Nilisema moyoni, kona ile nitamwambia. Kona ikapita. Daraja lile nitamwambia. Likapita.

"Baba, ng'ombe."

"Wako mbali hao."

Hawakuwa mbali. Alikanyaga breki, tairi la nyuma likateleza kwenye changarawe ya pembeni, tukasimama pembe ya ng'ombe ikiwa karibu na goti langu. Kijana wa Kimasai aliyekuwa akiwachunga alimtazama baba, hakugomba. "Mzee, unaona kweli?"

Baba akazima injini. "Sioni vizuri, mwanangu," akamwambia mtu asiyemjua. Kwa sauti ile niliona afadhali ng'ombe angenichoma.

"Baba, si macho," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Nilivifungua vioo. Cha kushoto nimekiweka kulia."

Hakunipiga. Aliivua miwani, akaipindua juu chini ili kila kioo kirudi kwenye jicho lake, akaishikilia mbele ya macho kama mwendawazimu. Akawatazama ng'ombe kwa muda mrefu.

"Yule wa nyuma ana pembe iliyokatika," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akakaa kwenye majani, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua anacheka au analia, na niliogopa kuinama nimwangalie. Kijana wa Kimasai akaondoka na ng'ombe wake.

Korogwe ilikuwa imebaki karibu, tukaisukuma pikipiki mpaka mjini. Pale Manundu fundi wa miwani alivibadilisha vioo kwa bisibisi ndogo hata soda yake haijaisha.

Tulipofika nyumbani baba alimweleza mama kila kitu, hata habari ya wale ng'ombe hakuiruka. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi. Akapakua ugali, akaweka mbele yangu, akasema:

"Leo sikupigi, maana nikianza sitajua pa kuachia. Kula."