Silinda Nne Zinazolala

Pikapu ya binti yangu ina silinda nane, na nne kati ya hizo hulala wakati gari linatembea. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilidhani fundi ananitania, maana mafundi wa Tinde wanapenda kutania wazee. Nikamwambia aache mchezo, aseme gari linaumwa nini.

"Haliumwi, mayu," akasema, maana kwetu mama huitwa mayu. "Ndivyo lilivyotengenezwa. Likiona kazi ni nyepesi, silinda nne zinafanya kazi, nne zinapumzika. Linabana mafuta hapo."

"Nani anaziambia zilale?"

"Kompyuta."

"Na nani anaziamsha?"

"Kompyuta hiyohiyo. Mayu, unataka kufungua gereji nini?"

"Nikifungua wewe utakula wapi? Jibu unachoulizwa."

Gari lenyewe ni la Kimarekani, usukani uko kushoto. Binti yangu alilinunua kwa msimamizi mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Huyu ni mwanangu wa nne, na analiendesha mwenyewe. Ananunua mchele mashineni Kagongwa, anaupeleka kwa wachimbaji wadogo huko Geita, anarudi tupu. Kabla ya hapo alipika kwenye kambi ya mtu miaka mingi, mikono imeungua hadi kwenye viwiko, sufuria si zake na wateja si wake. Pikapu ikifa anarudi kwenye sufuria zile. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

Kilichotupeleka kwa fundi ni gari la mtu mwingine. Mfanyabiashara mmoja wa dengu alikuwa na pikapu ya namna ileile. Ilianza kugonga, tak-tak-tak, akasema itatulia. Haikutulia, ilifia njiani, na sasa iko juu ya matofali. Fundi alisema chanzo ni huko kulala. Ndani ya injini kuna vyuma vidogo vinaitwa tapeti, kazi yake kusukuma vali. Tapeti za silinda zinazolala zina kifungo ndani yake, kinajifunga na kujifungua kwa nguvu ya oili. Siku kifungo kikikwama, chuma kinaanza kula chuma.

Akatoa kidude cha plastiki, hakizidi kiberiti. Akasema kinachomekwa kwenye tundu chini ya usukani, pale anapochomeka mashine yake ya kupimia, na kikiwa pale kompyuta haizilazi tena silinda.

"Sasa si uchomeke," nikasema.

Binti yangu akadakia. "Mama, na mafuta? Zote nane zikikesha zitakunywa kwenda na kurudi. Geita siyo hapo sokoni."

"Mimi nauza dawa, silazimishi mgonjwa," fundi akasema. "Kuna magari ya hivi yanakwenda miaka na miaka hayana shida. Mengine ndiyo kama la yule wa dengu."

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Sipendi jibu la mengine hivi, mengine vile.

Hapo nikafanya kosa, na kosa lilitokana na neno. Kwetu maksai akilala mbele ya jembe, ujue amekudharau. Nikaona injini nayo inalala kwa sababu inarudi tupu, haina kazi. Dawa ya mvivu ni mzigo. Nikamwambia binti yangu kwamba safari hii tunakwenda wote, na tukishashusha mchele tutajaza viroba vya mchanga, turudi navyo, tuone kama italala.

"Mama, mchanga?"

"Nimesema."

Nilifunga punje za mahindi kwenye pindo la khanga, nikachukua na kikombe. Nilisoma madarasa manne tu, lakini kuhesabu hakunishindi. Silinda zikilala mlio unabadilika. Gari linakuwa kama mtu anayeguna amefunga mdomo, na sakafu inatetemeka kidogo chini ya nyayo. Kila likiguna natia punje moja kikombeni. Kwenda, na ule mchele mgongoni, tulipoacha lami tukaingia njia ya machimbo halikuguna hata mara moja. Jumla ya punje za kwenda ilikuwa haijazi kiganja.

Tukashusha mchele, tukajaza mchanga kando ya njia. Tukarudi lamini. Hatujafika kilima cha kwanza gari likaguna.

"Limelala," nikasema.

"Limelala, mama. Na mchanga wako."

"Kanyaga."

Akakanyaga, likaamka. Akaachia, likalala. Akakanyaga tena kwa kunikomesha, nikagonga kichwa nyuma. Nikaelewa kwamba injini haitazami mzigo. Inatazama mguu. Barabara ikiwa tambarare mguu unatulia, na mguu ukitulia zinalala, hata ungebeba mlima.

Nilitaka kumwambia asimame tumwage mchanga, lakini mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi. Kwa kuwa usukani uko kushoto, askari alikuja dirishani kwangu.

"Shikamoo bibi. Leseni."

"Marahaba. Unaona usukani hapa?"

Akachungulia, akacheka, kisha akatazama nyuma. "Mmebeba nini?"

"Mchanga."

"Wa wapi?"

"Wa huko machimboni."

Binti yangu alifumba macho. Mimi sikujua nilichosema. Huko kuna mchanga unaoitwa marudio, ule uliokwisha kutolewa dhahabu mara moja, na watu huusafisha tena kwa dawa wakapata iliyobaki. Hauondoki bila kibali.

"Teremkeni," askari akasema, hacheki tena. "Mnaupeleka wapi?"

"Hatuupeleki popote. Nataka injini isilale."

"Injini isifanye nini?"

Binti yangu akaeleza, silinda nane, kompyuta, tapeti. Kadiri alivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuonekana wezi. Wakaita mwenzao anayejua mchanga. Akaja na karai, akatia maji, akazungusha, akamwaga, akazungusha tena, na watu waliokuwa wakisubiri magari wakaja kutuzunguka.

"Afande, huu ni wa barabarani," akasema. "Humu hata ukitafuta kutu hupati."

"Bibi," askari akasema, "miaka yote niliyokaa hapa sijaona mtu anatorosha mchanga mtupu."

Wakatuambia tuumwage palepale kando. Tulimwaga sisi wenyewe, mimi na binti yangu, kiroba kwa kiroba. Alikuwa amekasirika hadi tulipoondoka, kisha akaanza kucheka peke yake, na mimi nikaendelea na punje zangu. Tulipofika kikombe kilikuwa nusu.

Kesho yake nilikipeleka kikombe kwa fundi, nikakiweka juu ya boneti ya gari alipokuwa akila chapati.

"Hii ni kurudi peke yake," nikamwambia. "Kwenda ni kiganja. Kwa hiyo mafuta yanayobanwa ni ya kurudi tu, na kurudi gari ni jepesi, mguu unatulia. Lakini kila punje hapa ni kile kifungo chako kimefungwa na kufunguliwa. Nimekosea wapi?"

Akaacha chapati. "Hujakosea."

"Na zinazolala ni zilezile nne, au zinapokezana?"

"Zilezile."

"Kila siku? Hazibadilishani zamu?"

"Hazibadilishani, mayu."

"Aliyepanga zamu hiyo hajawahi kulima kwa maksai."

Alicheka, lakini aliwasha injini, akaweka ncha ya bisbisi juu yake na mpini sikioni, akasikiliza muda mrefu. Akasema bado haijaanza kugonga. Akasema pia, na kwa hilo nilimheshimu, kwamba kidude hakiponyi kilichokwisha kulika. Kinazuia tu.

Nikamtazama binti yangu. Gari lake, mguu wake. Alikishika kile kikombe akakitikisa.

"Chomeka," akamwambia.

Safari ya kwanza baada ya hapo niliisubiri barazani. Alipofika sikumpa hata maji, nikauliza.

"Imekunywa, mama. Imezidi, lakini si kama nilivyoogopa."

"Na mlio?"

"Mmoja, kwenda na kurudi."

Miezi imepita, na gari linatembea. Majuzi nilimuuliza fundi kama lingekufa bila kile kidude, au lilikuwa moja ya yale yasiyo na shida. Akasema hakuna ajuaye, gari moja haliwezi kupita njia mbili. Jibu hilo silipendi, na nitarudi kumuuliza kwa namna nyingine. Binti yangu hataki hata kulisikia swali. Ameshapakia mchele.