Bashi ya Bluu Kwenye Barza Yetu

Mume wangu ni seremala, na barza ya nyumba yetu aliimwagia saruji kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka mingi wazee wenzake wawili walikuwa wanakuja hapo kila Jumamosi kucheza dame, yaani drafti. Mmoja alikuwa dereva wa malori ya kwenda Aru, sasa amestaafu, mwingine mwalimu. Walicheza kwa makelele kama watu wanaogombania shamba, wakanimalizia chai, nami nikanung'unika. Kumbe nilikuwa nanung'unika kwa raha zangu.

Mwaka jana mkono na mguu wa kuume wa mume wangu vikapooza, mdomo ukaenda upande. Tulipotoka hospitali kule Nyankunde, daktari aliniambia wazi: huyu akizoea kulala, mguu utasahau kazi, mtafutie sababu ya kuamka. Sababu gani! Mtu mwenyewe alikuwa ameshikwa na haya. Wenzake walipokuja kumpa pole, aligeukia ukutani, akanituma niseme amelala. Mara ya pili amelala. Mara ya tatu amelala. Mara ya nne hawakuja tena.

Akakaa chumbani miezi na miezi. Barza ikawa ghala la magunia ya makaa na baiskeli mbovu, na kuku walikuwa wanataga kwenye sanduku la vyombo vyake vya kazi. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa atanifia mule chumbani akiwa bado anapumua.

Basi nikasema, mgeni aje, mwenyeji apone. Nitaitengeneza hii barza mpaka watu waone aibu kuipita.

Pesa haikuwepo, lakini mabaki ya mbao zake yalikuwepo. Nikafukuza kuku, nikafagia, nikachukua nyundo yake, nikaanza kupigilia benchi chini ya dirisha la chumba chake. Kwenye msumari wa tatu sauti ikatoka ndani, nzito, ya ule mdomo uliopinda.

"Weye mama, ule musumari umelala."

"Njoo basi uulamushe," nikamjibu.

Hakuja. Lakini tangu siku ile alinichokoza kupitia dirisha asubuhi mpaka jioni. Mbao iko na fundo. Mguu ya benchi iko mufupi. Unapima na macho kama muuza mihogo! Ee Mungu, matusi yale yalinitia nguvu kuliko chakula. Nilipinda misumari mingine makusudi ili nimsikie tu.

Nikamaliza benchi mbili. Tairi mbili kuukuu nikazizungushia kamba zikawa viti vifupi. Makopo ya mafuta nikayatoboa chini, nikapanda maua niliyoomba kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Ubao wa dame nikaupaka rangi upya, nikaokota vifuniko vya chupa: vya bia upande mmoja, vya soda upande mwingine. Kivuli ndicho kilikosekana. Mabati bei yake hata usiulize. Nikanunua sokoni bashi ya bluu, turubai la plastiki, nikaifunga kutoka ukingo wa paa mpaka kwenye miti miwili niliyosimika mbele. Ijumaa jioni nikaomba waimbaji wa korali ya kanisa letu waniazime viti vinne vya plastiki. Jumamosi asubuhi wakaniletea kumi na viwili, eti pikipiki imeshapakiwa.

Nikavipanga mistari mistari ili nivipanguse. Jua likapanda, nikachoka. Nikavua viatu, nikajifunga kitenge kiunoni, nikaketi chini kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, najifuta jasho la uso.

Mtu wa Bunia akifika hapa kwenye hadithi tayari ameshika kichwa. Kwetu, bashi mbele ya nyumba, viti vya kuazima, na mama ameketi chini amenyoosha miguu, maana yake ni moja tu: humu ndani kuna maiti. Na mimi, mama mzima, niliyekaa matanga ya watu tangu utoto, sikufikiri hata kidogo!

Yule jirani wa maua akatoka kwake, akaona, akaweka mikono kichwani. "Mama yoo! Muzee ametuacha!" Alinirukia, akanikumbatia kwa nguvu hata mdomo wangu ukazama kifuani mwake. Nikisema "hapana," yeye anasema "lia, mama, lia." Wanawake wa avenyu wakaanza kuingia na kuni mabegani, kila mmoja na za kwake, kama tunavyopeleka kwenye kilio. Na wale wazee wawili, habari imeshawafikia, wakafika, wamebanana kwenye pikipiki moja.

Dereva akasimama katikati ya barza, kofia mkononi, analia kwa sauti. "Ndugu yangu, juu ya nini unaenda bila kutuaga? Tulikuwa tunapita hapa, tunaangalia dirisha yako, tunaogopa kubisha. Ulitufukuza, na siye tukakubali kufukuzwa. Njo kosa yetu."

Nilikuwa nimeshajinasua, ningeweza kusema. Lakini niliona pazia la mlango likitikisika. Mungu anisamehe, nilimwacha yule mzee amlilie mtu aliye hai.

Mume wangu akatoka. Ameshika ukuta, kisha mwimo wa mlango, anaburuta mguu, hakuna mtu anayemshika. Wanawake wakapiga kelele. Mmoja alitupa kuni, akakimbilia barabarani. Mwalimu alirudi nyuma, akaanguka kwenye benchi.

"Ile benchi," mume wangu akasema polepole, "usiikalie upande ule. Mama njo aliitengeneza."

Dereva akamkodolea macho. "Weye uko muzima?"

"Niko. Mulikuwa munangoja nikufe njo mukuje?"

"Si ulisema uko nalala!"

"Basi, nimeamuka."

Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Yeye pia alilia, na mate yakamtoka upande ule uliopinda, mbele ya watu wote. Hakugeukia ukutani. Dereva alimfuta kwa leso yake, akamketisha, akasogeza ubao. "Unachukua vya bia ama vya soda?"

Alicheza kwa mkono wa kushoto, akafungwa mara tatu, akadai wanamwibia. Jirani aliwakataza wanawake kurudi na kuni zao. Alisema kuni za kilio hazirudishwi nyumbani, tukazipikia chai na maharagwe, watu wakala chini ya bashi mpaka mvua ikaja. Bashi ilivuja sehemu moja tu.

Walipokuwa wanaondoka mwalimu alishauri tuitoe, isije ikatisha watu tena.

"Muiache," mume wangu akasema. "Siku nitakufa kweli, mutatafuta alama ingine. Hii iko ya dame."

Nilimwambia anyamaze na maneno hayo, nikamshika mkono tuingie ndani. Akauondoa. Alisema bado anataka kukaa nje kidogo.