Nilitandaza vitofali juu ya zege la zamani Mshangano, kila asubuhi nakuta vimeondolewa

Wakuu, salaam. Nitakachosimulia kilinikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaweka. Atakayeona nimezidisha anikosoe.

Ni ile miaka ya ruksa, simenti imeanza kuuzwa madukani bila kibali. Mimi mtu wa Tunduru, nimekuja Songea kwa ufundi. Nilikuwa nabeba zege kwa fundi mwingine, hii ndiyo ikawa kazi yangu ya kwanza kupewa kwa jina langu.

Bosi alikuwa mnunuzi wa mahindi, nyumba yake iko Mshangano, hapo hapo Songea. Dar aliona njia za bustani za vitofali, hizi mnazoziita paving siku hizi, akazitamani.

Kutoka getini hadi barazani kulikuwa na zege la zamani, pana, halina hata ufa. Akasema hakuna kubomoa, tandaza juu yake. Binti yake anaolewa, kwa hiyo yeye bosi akirudi kutoka kununua mahindi Namtumbo akute njia imekwisha, la sivyo anaita fundi mwingine.

Kwa wasiojua: unamwaga mchanga kidogo juu ya zege, unapima levo, unapanga vitofali, halafu mwisho kabisa unafunga kingo kwa simenti. Kabla ya kingo, yeyote anaweza kuvinyanyua.

Nikapanga sehemu, jioni nikaenda zangu.

Asubuhi narudi, zege tupu. Vitofali vimepangwa barazani kwa adabu kabisa, mchanga umezolewa na kuwekwa pembeni.

Nikadhani levo yangu imekataliwa. Nikapanga upya, vizuri zaidi.

Kesho yake, vile vile.

Wallahi kichwa kiliniuma. Aliyekuwepo nyumbani ni mama yake bosi. Namwamkia shikamoo, anaitika, "Marahaba mwanangu, pole na kazi," kisha ananitazama kama anasubiri niseme kitu. Kitu gani? Nikaanza kuwaza uchawi. Na mgeni kama mimi utamuulizaje mama wa watu habari za uchawi?

Siku moja nikachelewa kuondoka, nilikuwa naosha vifaa nyuma ya nyumba. Wingu likatanda. Nikasikia mama anaita majirani, "Njooni jamani, vitofali vya fundi, mvua hiyo!"

Wamama wakaja mbio na nyungo zao, wakaanza kubeba.

Nikawauliza, mama, mnafanya nini?

"Tunakuanulia," akasema. "Vitalowa. Na wewe mwenzetu hata ahsante huna."

Kumbe lile zege ndipo wamama wa pale wote walipokuwa wakianika ulezi na makopa ya muhogo. Walidhani vitofali vyangu bado ni vibichi na nimevianika, wakaniachia uwanja wao nivikaushe na kila jioni wakinianulia, ulezi wao ukasubiri ndani.

Nikamweleza kwamba hii ni njia, vitabaki hapo hapo. Akatua ungo wake.

"Sasa sisi tutaanika wapi? Ulezi utazama kwenye mapengo ya vitofali."

Bosi aliporudi, mama akamuuliza swali hilo hilo. Bosi akaniambia, "Fundi, endelea." Mama akasema, "Haya." Nikafunga kingo.

Siku ya kumalizia nilienda dukani, nikaacha mfuko wa simenti wazi uani. Mvua ikashuka ghafla, nikarudi mbio nikijua imeshaharibika.

Nikaukuta barazani, mkavu. Wamama walikuwa nje wameinama, wanaokota ulezi uliosombwa na maji kwenye tope, maana sasa walikuwa wanaanika kwenye mikeka chini.

Nikamuuliza mama kwa nini hawakuanza na ulezi wao.

"Tulianza na chako," akasema, "maana wewe hukuwepo."

Nilichanganyikiwa, sijui nishukuru au niombe radhi. Nikainama nikaokota nao.

Njia ile ilinipa jina mjini, wateja wakaja. Nilichojifunza: ukikuta zege la zamani kwa watu, uliza kwanza linafanya kazi gani.

Ila wakuu, mama alishasema "haya", na bosi ndiye mwenye nyumba. Nyie mngefunga zile kingo?