Mfuko Ambao Haukutajwa

Hebu mwone Firdaus akiingia, msomaji wangu: mtandio umelowa mvua ya Kamenu, na kabla hajavua koti ameshawasha kompyuta. Ni mwaka wa tisini na sita, katika hospitali moja ndogo ya Thika. Sampuli za damu ya kuwaongezea wagonjwa zinapimwa maabara ya Ruiru, mifuko ikibaki hapa hospitalini. Kila siku mashine ya Firdaus huisoma faili ya Ruiru kwa laini ya simu na kuchapa namba za mifuko yenye maambukizi. Mfuko usiotajwa, wauguzi wanautumia.

Siku hiyo Dismas wa maabara hiyo alipiga simu kuuliza kama mfuko namba 418 umeshatupwa. Firdaus akamjibu kwamba karatasi yake haina 418, na faili ameisoma yote, maana ukubwa uliotajwa na mashine ya Ruiru ni sawa na alichopokea.

"Dada, hiyo faili bado sijaifunga," Dismas akasema. "Tangu asubuhi naongezea tu. Nikiifunga laini inakatika, na kuipata tena ni kuomba Mungu."

Firdaus akaliona kosa. Mashine ya Ruiru huandika ukubwa mpya faili inapofungwa. Programu yake, aliyoitunga mwenyewe, ilikuwa imeuliza ukubwa, ikatenga nafasi hiyo tu, ikaijaza, ikaacha. Yaliyoongezwa yalibaki Ruiru.

Alikimbia wodini. Sista Auma ameshatundika mfuko juu ya kitanda cha Ndunge, aliyejifungua alfajiri na kuvuja damu sana. Sasa anatafuta mshipa.

"Sista, kama ni namba 418 usimtie! Ina maambukizi."

"Na wewe wa kompyuta, umeanza kutibu lini?"

Lakini akaitazama namba. 418. Akautungua mfuko, akatuma uletwe mwingine.

Mchana Firdaus aliiandika programu upya: isome kipande kwa kipande, ikiongeza nafasi, mpaka kusiwe na kingine cha kusoma. Ikipita kikomo alichoiwekea, au isipokuta neno MWISHO ambalo Dismas ataliandika akimaliza, isichape kitu, ipige kelele. Kisha, kwa vile moyo haukutulia, akazisoma tena faili za mwezi uliopita, zilizokwisha kufungwa. Namba za mifuko miwili yenye maambukizi hazikuwa zimechapwa kamwe.

Auma alipoonyeshwa namba aliketi polepole.

"Hizi tulitumia," akasema. "Zote mbili kwa mama mmoja wa Makongeni. Alitushukuru, akaenda zake."

Kesho yake Firdaus alisimama mlangoni kwa mama huyo, akasikia watoto wakicheka ndani. Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ukishakaribishwa kiti, ungeanza kumwambia nini?