Rangi Nyekundu ya Fundi Arvella

Gurudumu ndilo lililofika kwanza. Lilishuka mlima peke yake kutoka njia ya makaburini, likaruka mtaro, likapita katikati ya meza mbili nyuma ya kanisa ambako kina mama walikuwa wakipanga kuku wa kukaanga na mikate ya mahindi, likaangusha ndoo ya chai ya barafu na kulala kwenye majani. Watu wakalitazama. Akili ya kila mmoja ilikuwa ikikataa swali lililokuwa wazi kabisa: kama gurudumu liko hapa, pikipiki iko wapi?

Ndipo huko juu wakasikia Bibi Orpha Spurlock akipiga yowe.

Arvella Deaton alikuwa wa kwanza kupanda. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na viatu vya kanisani, lakini alipanda mlima ule mbio mpaka vijana wakabaki nyuma. Pikipiki yenyewe aliijua. Ilikuwa ya magurudumu manne, nyekundu, ya Kichina, na alikuwa ameimaliza yeye mwenyewe Jumanne, kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho.

Bibi Orpha alikuwa amelala kwenye magugu kando ya njia, maua yake ya plastiki yametapakaa kila upande. Pikipiki ilikuwa imeegemea mti, ekseli imechimba udongo. Upande wa pili wa njia hakukuwa na magugu. Kulikuwa na bonde.

"Bibi, usisogee!"

"Nisogee niende wapi, mwanangu?" Bibi alisema, uso mweupe kama unga. "Maua ya Hobert yako wapi?"

"Achana na maua. Wapi panauma?"

"Bega. Na aibu." Akamshika Arvella mkono. "Sikiliza, si wewe. Ni mimi na haraka zangu. Ningengoja tu."

"Ungengoja nini?"

Bibi Orpha akageuza macho kwa Doyle Haddix, muuza matairi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akihema. Doyle naye akatazama pembeni.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Mei, siku ya kupamba makaburi, na katika bonde la Spicewood, mashariki ya Kentucky, siku hiyo hakosi mtu isipokuwa aliye kitandani au aliye jela. Wafu wote wamezikwa juu ya mgongo wa mlima. Kwa nini wazee wa zamani waliona vyema kubeba majeneza mpaka huko, wanajua wenyewe. Bibi Orpha, miaka themanini na minne, hakuwa ameliona kaburi la mumewe, Hobert, kwa miaka mitatu kwa sababu ya magoti. Pikipiki ile aliinunua kwa ajili ya mlima huo mmoja.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walisema mfupa wa bega umevunjika, na mbavu mbili. Mmoja wao alichungulia upande wa bonde, akatikisa kichwa, akasema angeangukia huku leo hii mngekuwa mnachimba, si mnapamba. Alisema hivyo mbele ya watu wote, mjinga yule.

Ni lazima mtu amjue Arvella ndipo aelewe kilichomwingia dakika ile. Alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye gereji ya mabasi ya shule, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja, na walimcheka mwaka wa kwanza tu. Alipostaafu, Doyle alikuwa ameanza kuagiza hizi pikipiki za bei nafuu. Hata mtu wa pensheni ndogo angeweza kununua moja, na kwenye milima ile asiye na pikipiki hatoi kuni, hafuati swala aliyempiga, wala hafiki kwa jirani wakati wa tope. Tabu ilikuwa moja. Madukani mjini, wanakouza zile za Kijapani, ukiwapelekea ya Kichina wanakutazama kana kwamba umewaletea paka mgonjwa. Hawaigusi.

Arvella aliigusa. Pikipiki hufika ndani ya fremu ya chuma iliyofunikwa maboksi, usukani umelazwa, magurudumu hayajafungwa, na kitabu cha maelekezo kilichotafsiriwa ovyo, kinachokuonya usimpe farasi betri. Wajinga waliifungua asubuhi na mchana wakawa wanaendesha, na baada ya mwezi injini ikafa. Arvella alianza kwa kumwaga ile oili iliyokuja nayo kutoka ng'ambo, ambayo haifai hata kulainishia bawaba. Akang'oa mipira ya petroli na kuweka mingine. Akabadilisha plagi, akapima valvu, akasafisha kabureta, akapaka grisi kila panapozunguka. Halafu akakaza nati zote, moja moja, na kila aliyoikaza aliipiga mstari mwembamba wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Nati ikijifungua, mstari unakatika, na hata asiye fundi anaona. Kila Jumamosi wenye pikipiki walipiga magoti uani wakikagua mistari yao. Doyle aliandika dukani kwa herufi kubwa: IMEKAZWA NA ARVELLA. Hakuhitaji tangazo jingine.

Na rangi hiyo ndiyo kitu pekee cha kike alichonunua maishani mwake. Mumewe, Burl, alipenda kumtania kwamba ameoa mwanamke anayepamba kucha za pikipiki.

Sasa Arvella alichuchumaa mbele ya ekseli. Bolti nne za gurudumu, na kati ya nati nne imebaki moja tu, inaning'inia. Juu yake ulikuwapo mstari wake mwekundu, umekatika. Mshtuko ukageuka hasira. Mtu amefungua gurudumu hili. Na aliyeibeba pikipiki kwenye lori kutoka kwake hadi kwa Bibi Orpha ni mmoja.

"Doyle Haddix! Njoo hapa."

"Dada Arvella, tulia kwanza..."

"Nani kafungua hili gurudumu?"

"Hakuna."

"Ahaa. Basi nati zimejifungua zenyewe? Zimesikia harufu ya kuku, zikaona bora zishuke?"

"Sijaigusa. Naapa mbele ya kaburi la mama yangu, lile pale."

"Usimwingize mama yako. Alikuwa mtu mwaminifu."

Watu waliinamisha vichwa. Doyle alijifuta jasho, akasema kwa sauti ya chini, "Iko nyingine dukani, uliyomaliza Ijumaa. Haijatoka nje, haijaguswa na mtu. Twende ukaione mwenyewe, halafu unitukane ukitaka."

Duka lilikuwa hapo chini ya kanisa. Pikipiki ilikuwa katikati ya matairi, ya kijani, haina hata vumbi. Arvella aliinama, akakagua gurudumu la mbele. Mistari yote mizima.

"Unaona? Ya kwangu hukaa," akasema.

Doyle alichukua spana, akaiweka kwenye nati, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayekoroga chai. Nati ikazunguka.

"Umeilegeza wewe!"

"Mstari ulikuwa mzima, dada. Umeuona sasa hivi kwa macho yako." Akampa spana. "Haya, kaza wewe."

Arvella alikaza. Alikaza kwa hasira zote, mpaka kiganja kikawaka moto, mpaka maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko na machozi yakamlenga. Hapo ndipo alipoachia siku zote. Spana ya kipimo, ile inayolia ikifika nguvu inayotakiwa, alipewa zawadi siku ya kustaafu akaitundika ukutani na kusema hiyo ni ya watu wasio na mikono. Yeye kipimo chake kilikuwa kiganja. Kiganja kikisema basi, imetosha.

"Haya," akasema akihema.

Doyle akaweka vidole vyake viwili. Nati ikazunguka tena.

Arvella alitazama nati, akatazama mkono wake wa kulia, akarudi kwenye nati. Majira mawili ya baridi sasa, mkono ule ulikuwa ukimuuma na kufa ganzi asubuhi, na yeye akisingizia baridi. Haikumjia hata siku moja kwamba maumivu yanawahi kufika kuliko nguvu. Kiganja kilikuwa kikisema basi kabla nati haijasema lolote. Na yeye alikuwa akipiga mstari mwekundu, anaimba, anahamia nati nyingine.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, Doyle. Nusura nimuue yule bibi."

"Usiseme hivyo. Mimi nilidhani Burl ameshapita kwa..." Doyle akajiziba mdomo, kachelewa.

"Burl apite kufanya nini?"

"Muulize mumeo, dada. Mimi nauza matairi."

Burl alikuwa nyumbani, kwenye kiti cha dirishani, mshono wa upasuaji wa nyongo tumboni; alikuwa ametoka hospitali juzi yake baada ya kulazwa siku tisa. Alikuwa dereva wa gari la mikate maisha yake yote, mtu mpole, na tangu astaafu alikuwa na mchezo mmoja tu, kuvua samaki. Kila Arvella alipomaliza pikipiki na Doyle akaipeleka kwa mwenyewe, Burl alibeba fimbo ya kuvulia na sanduku lake la ndoana akaondoka, na alirudi mikono mitupu. Bonde zima lilimjua kwa hilo. Arvella mwenyewe aliwahi kusema kanisani kwamba samaki wa Spicewood wanamtambua Burl na kumpungia mkono.

Arvella aliingia bila salamu; njiani alikuwa ameshaunganisha siku za kuvua na siku za pikipiki. Alilichukua sanduku la ndoana nyuma ya mlango na kulifungua juu ya meza. Ndani hamkuwa na ndoana hata moja. Kulikuwa na spana ya kipimo, kitambaa, na chupa ya rangi nyekundu ya kucha.

Burl alimtazama, akatazama sanduku, asijaribu kudanganya.

"Nani ameumia?" akauliza.

"Bibi Orpha. Bega. Atapona." Akainua ile spana. "Tangu lini, Burl?"

"Tangu mwaka juzi, ile mvua iliyochukua daraja. Niliazima pikipiki ya Doyle, uliyoikaza wewe, nikaona gurudumu linacheza. Nikakaza. Nikasema labda ni hiyo moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu. Siku ile nilikuambia twende kwa daktari akuone mkono, ukanirushia taulo." Akajishika mshono. "Arvella, wewe ukiwa gerejini unaimba. Ningekuambiaje?"

"Ungesema! Ungesema 'mke wangu, unaua watu'! Kwani mimi mtoto?"

"Nilikuwa nazikaza zote. Zote, mke wangu. Nakwangua mstari, nakaza, napiga mwingine. Hii nyongo ndiyo imenikosesha."

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

Arvella alishika ukingo wa meza. Alikuwa na swali moja zaidi, na alijua kwamba akilinyamazia leo atalala nalo mpaka afe.

"Kati ya hizo, ngapi ulikuta nimekaza sawasawa?"

Burl alitazama dirishani.

"Burl."

"Hata moja," akasema.

Halafu jambo jingine likampiga Arvella, kubwa kuliko aibu yake, akaruka kwenye simu. Siku hizo tisa alikuwa amemaliza pikipiki tatu. Moja ya Bibi Orpha. Moja iko dukani. Ya tatu ilikwenda kwa Tolliver Gross, mfuga nyuki wa juu kabisa ya bonde, ambaye watu wake wamezikwa kwingine, na ambaye kila Jumapili hupakia wajukuu wawili mbele na mmoja nyuma. Alibonyeza namba kwa kidole cha mkono wa kushoto. Simu iliita mara nane. Alizihesabu.

"Haloo?"

"Tolliver! Ni mimi Arvella. Watoto wako wapi? Washushe! Usiiwashe hiyo pikipiki, unanisikia? Nati hazikukazwa. Ni mimi, Tolliver. Kosa langu. Sikuzikaza."

Halafu Tolliver akacheka, taratibu, kicheko cha mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Tulia, fundi. Iko bandani tangu Alhamisi ya juzi, nimeifunika turubai. Watoto hawajaisogelea. Burl anaendeleaje?"

"Burl? Anaendelea vizuri. Kwa nini hujaipanda?"

"Ah, si nilisikia amelazwa," Tolliver akasema. "Huku hakuna anayepanda pikipiki yako kabla Burl hajapita. Unajua hivyo, fundi, sivyo?"

Arvella alisema anajua. Alimshukuru, akawasalimia wajukuu, akakata simu, akakaa chini sakafuni na viatu vyake vya kanisani.