Petroli Iliyochacha

Jumamosi nilikuwa kwa fundi pikipiki mmoja Mtanzania, uani mwa magorofa ya Albert Park, hapa Durban, nikingoja pancha ya pikipiki yangu izibwe. Akaingia Mkongomani akisukuma pikipiki ya kupelekea vyakula majumbani, jasho linamtoka, kila hatua anageuka nyuma utadhani anafuatwa.

"Iko inakataa kuwaka, kaka. Kesho nikikosa kazini, nafasi wanapatia mwingine."

Fundi akafungua tangi, akanusa, akakunja uso kama aliyepewa maziwa ya juzi. "Petroli imechacha. Ililala muda gani?"

"Baridi yote."

"Baridi gani ya Durban ya kumfanya mtu afungie pikipiki ndani?"

Yule akashusha sauti. "Haikuwa baridi, kaka. Ni watu. Walikuwa wanapita barabarani, wanasema wageni turudi kwetu. Nikaona bora nijifungie."

Fundi akavuta ndoo. Akaimwaga petroli ile, akafungua kabureta, akapuliza kitundu kilichozibwa na ulimbo wa mafuta, akatia petroli mpya. "Siku nyingine ukitaka kuilaza," akasema, "kausha kabureta kwanza. Kinachobaki ndani ndicho kinachoiziba."

Akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Nilitegemea mwenye pikipiki aruke kwa furaha. Aliizima haraka, akatazama geti la kutokea barabarani. Fundi naye akatazama geti.

Ningewacheka hapa kwenye safu yangu, msomaji, ila shingo yangu nayo ilikuwa imeshageukia huko huko.