Tawi Lenye Maua la Mama Lebo

Mama Lebo alinichosha. Miaka kumi na miwili tulifanya kazi chumba kimoja, yeye akikausha mimea na kuibandika kwenye karatasi, mimi nikipima dawa zake juu ya vijidudu kwenye visahani, na sikumbuki siku aliyoniacha ninywe chai kwa amani. Hata kikombe changu alikibandika lebo: jina, tarehe, saini.

Sheria yake ilikuwa moja tu: mmea usio na ua haupewi jina. Ungemletea majani, mizizi, hata mti mzima na udongo wake, angekutazama juu ya miwani na kuuliza, "Ua liko wapi?"

Mjomba wake, mtaalamu wa miti shamba, ndiye aliyetuletea gome la kikohozi. Nilipolipima, vijidudu vilikufa vyote. Sote tulishangilia isipokuwa Mama Lebo. Alimsumbua yule mzee mwezi mzima alete tawi lenye maua, mpaka akaleta. Mama Lebo akalikausha, akalilinganisha na vitabu, akaandika jina la mti, akatia saini.

Mwaka uliofuata tukaenda wenyewe kubandua gome zaidi, tukifuata jina lile. Nikapima. Vijidudu vikanenepa! Nikarudia mara sita, nikaosha visahani hadi vidole vikachubuka. Wapi! Jumatatu mkuu wetu akatangaza kwamba Ijumaa anafunga utafiti, kwa sababu mzee alitupiga changa la macho.

"Mjomba wangu si tapeli," Mama Lebo akasema. Kesho yake akaniburuta hadi kwa mjomba, akaanza kufoka bila hata salamu.

"Mjomba, umeniaibisha! Dawa yako ni mti gani?"

Mzee akatupeleka nyuma ya nyumba, akagusa mti uliobanduliwa gome upande mmoja. "Si ndio huu hapa?"

"Na yale maua?"

"Huu unaweza kukaa miaka saba bila ua. Nilikwambia, ukanikatiza. Nikakukatia tawi la ule jirani yake, majani si yanafanana?"

"Lakini kwa nini, Mjomba?"

"Kila siku ulikuwa unanililia maua, mpwa wangu. Ningefanyaje?"

Nilitaka kucheka, nikataka pia kupiga kichwa ukutani. Mwaka wangu mzima! Gome tulilorudi nalo nikalipima, na Ijumaa asubuhi visahani vilikuwa vyeupe, hakuna kijidudu hata kimoja.

Mama Lebo akaingia kwa mkuu na tawi la majani matupu, mimi nyuma yake.

"Ua liko wapi?" mkuu akauliza kwa kejeli.

"Halipo."

"Jina?"

"Bado hatulijui. Ila dawa ni hii, na mzee hakudanganya mtu kuhusu dawa." Akaweka mezani karatasi ya mwaka uliopita, kidole juu ya saini yake mwenyewe. "Aliyekosea ni huyu."

Utafiti haukufungwa. Yeye ndiye aliyevuliwa kazi ya kutoa majina. Jioni hiyo, nikiwa ndio kwanza nainua kikombe, akanisukumia karatasi mpya, tawi lisilo na ua limebandikwa vizuri. Penye jina alikuwa ameandika: *tunasubiri*. Penye saini palikuwa patupu.

"Tia wewe," akasema. "Na tarehe usisahau."

Chai ikapoa.